A/T kwenye theluji: kuondoka si kusimama

Theluji ya kwanza ikishadondoka hapa Edmonton, ubishi uleule hufufuka katika nyumba za Waswahili. Mwaka juzi ulizukia mezani kwa dada yangu. Shemeji alikuwa amenunua pikapu ya mtumba, kubwa, imenyanyuka, ina matairi ya A/T, yaani ya ardhi za kila aina, yenye meno kama ya mamba, na alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mwaka huu hanunui matairi ya baridi. "Haya ni A/T," akasema. "Haya ndiyo yanayoshuka kreta ya Ngorongoro na watalii nyuma, masika yamekolea. Theluji itayafanya nini?" Mwanawe, aliyezaliwa hukuhuku, akamjibu kwamba mwalimu wake wa udereva anasema A/T kwenye barafu ni sawa na kandambili kwenye vigae vyenye maji ya sabuni.

Pilau ikapoa. Baba alikuwa na ushahidi: ameshavuka theluji ya magotini bila kukwama. Mtoto naye alikuwa na wake: ameziona pikapu za namna hiyohiyo zimelala mtaroni kando ya barabara kuu ya kwenda Calgary. Hakuna aliyesema uongo. Ila kila mmoja alikuwa anazungumzia theluji yake.

Hata lugha yetu inatuponza kidogo hapa. Nyumbani neno "barafu" linabeba kila kitu cha baridi: kilichoganda kwenye friji, kilele cha Kilimanjaro, hata zile za kunyonya zinazouzwa nje ya shule. Ukiwa nyuma ya usukani huku Kanada, inabidi utenganishe mambo manne. Kuna theluji mbichi, nyepesi kama pamba, inayorundikana kabla greda halijapita. Kuna theluji iliyoshindiliwa, ile ambayo magari yameikanyaga mpaka ikawa sakafu nyeupe. Kuna uji wa theluji, mchanganyiko wa kijivu wa maji, chumvi na vipande vilivyoyeyuka nusu. Na kuna barafu yenyewe, maji yaliyoganda juu ya lami, mara nyingi kwa utando mwembamba kiasi kwamba unaona lami chini yake na kudhani barabara imelowa tu. Wenyeji huiita barafu nyeusi, ingawa haina rangi yoyote.

Mtu akikuuliza kama A/T zinafaa kwa majira ya baridi, muulize kwanza: juu ya ipi kati ya hizo nne?

Sasa majina ya matairi. Gari likiuzwa Amerika Kaskazini kwa kawaida linakuja na matairi ya misimu yote. Jina linadanganya. Yalitengenezwa yavumilie mvua, joto na baridi ya wastani, na aliyeyapa jina la "misimu yote" hakuwa akifikiria nyuzi 30 chini ya sifuri. Kuna matairi ya baridi, yanayofungwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuvuliwa masika ya huku yakiingia. Halafu kuna A/T, herufi zinazomaanisha tairi la ardhi za kila aina: lami, changarawe, mchanga, tope. Kubwa lake ni M/T, tairi la tope, lenye meno makubwa zaidi na kelele zaidi.

Angalia neno lenyewe: ardhi. Jina la A/T linakwambia tairi limeandaliwa likanyage nini. Halisemi lolote kuhusu baridi. Tairi linaweza kupanda mlima wa mawe huko Arusha miaka mitano bila malalamiko, kisha likashindwa kusimama kwenye taa za barabarani Edmonton mwezi wa kwanza, na katika hali zote mbili likawa linafanya kazi yake kama lilivyoumbwa.

Kwa nini? Tairi linashika barabara kwa njia tatu, na kila njia ina adui yake.

Ya kwanza ni mpira wenyewe. Wengi wetu tunaweka chupa ya mafuta ya nazi bafuni. Pwani mafuta yale ni maji mwaka mzima. Huku, ukiyaacha karibu na dirisha usiku mmoja tu, asubuhi unayachokoa kwa kijiko. Mpira wa tairi nao una tabia ya namna hiyo, ingawa hauonekani kwa macho. Tairi likiwa laini, linajikunja na kuingia katika vijishimo vidogo vya lami, na huko ndiko linakopata mshiko. Likipoa, linakakamaa. Matairi ya kiangazi huanza kupoteza ulaini wake kwenye takriban nyuzi 7 za Selsiasi, yaani kabla hata maji hayajaganda. Matairi ya baridi yamechanganywa kwa namna nyingine, na silika nyingi, ndugu wa mchanga, ili yabaki laini hata baridi ikiuma. A/T za kawaida zimechanganywa kwa lengo la kutochanika kwenye mawe makali na kudumu kilomita nyingi. Mpira mgumu ndio unaofaa kwa kazi hiyo. Tayari unaona mgongano.

Njia ya pili ni meno. Watu wengi hudhani meno ya tairi yanaing'ata theluji kama jembe linavyoing'ata ardhi. Kuna ukweli kidogo, lakini kazi kubwa ni nyingine. Theluji hushikana na theluji. Chukua ugali wa moto, finyanga tonge, halafu ligandamize kwenye ugali uliobaki sahanini: linashika. Sasa gandamiza kijiko kwenye ugali uleule: kinateleza. Tairi zuri la theluji hujaza theluji katikati ya meno yake, likaishindilia, na theluji hiyo iliyomo ndani ndiyo inayoshikana na iliyo chini. Ndiyo maana tairi la baridi lililojaa weupe baada ya mita chache halijaharibika; ndio kwanza limeanza kazi. Kwenye tope mambo ni kinyume. Huko unataka tairi litapike kila linachokiokota, vinginevyo linavaa udongo mweusi na kugeuka gurudumu la chapati. A/T, na hasa M/T, zina mifereji mipana kwa ajili ya kutapika tope, kwa hiyo haziishikilii theluji vizuri kama tairi la baridi lenye mifereji mingi myembamba.

Njia ya tatu ndiyo isiyozungumzwa sana, nayo ndiyo inayoamua mambo kwenye barafu: chale. Inama utazame uso wa tairi la baridi. Kila jino limechanjwa mistari myembamba, kadhaa kwa kadhaa, kama chale za mganga. Kwa Kiingereza mistari hiyo inabeba jina la John Sipe, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1923. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kuchanja soli za viatu vyake ili asiteleze kwenye sakafu iliyolowa. Chale hufunguka jino linapokanyaga, zikazalisha kingo nyingi ndogo zinazokwaruza, na zikanyonya utando wa maji ulio juu ya barafu. Utando huo ndio mbaya wetu. Barafu iliyo karibu na sifuri ina maji juu yake, na ndiyo inayoteleza kuliko zote. Barafu ya nyuzi 25 chini ya sifuri ni kavu, inashikika kidogo. Wageni hushangaa kusikia kwamba siku hatari huku si ile pua inapoganda bali ile inayofuata, jua likichomoza na kila mtu akifungua zipu ya koti. Calgary ndiyo wanaolijua hili zaidi. Upepo wa vuguvugu unaoshuka kutoka milima ya Rockies unayeyusha barabara mchana, usiku maji yote yanaganda tena.

Jino la A/T ni kubwa na gumu. Ukilichanja chale nyingi linalegea, na likilegea linachanika kwenye mawe. Kwa hiyo mtengenezaji anachanja chache, au anazichanja nusu ya kina tu. Hilo ndilo linalofanya A/T nyingi ziwe maskini kwenye barafu, na hakuna ukubwa wa meno unaoweza kulifidia. M/T, zenye meno makubwa kuliko yote na chale chache kuliko zote, ndizo mbaya zaidi. Anayefunga M/T kwa sababu zinaonekana kali amefunga matofali.

Kwa hiyo baba alikuwa sahihi kuhusu theluji ya magotini. Kwenye theluji mbichi yenye kina A/T ni tairi zuri kabisa: meno marefu, takriban milimita 12 likiwa jipya dhidi ya takriban 8 za tairi la gari dogo, yanachota na kusukuma. Kwenye uji wa theluji pia linajitetea vizuri, maana mifereji mipana inautoa ule uji kando badala ya gari kuelea juu yake. Kwenye theluji iliyoshindiliwa inategemea tairi gani, nitaeleza. Kwenye lami kavu ya baridi kali linasimama kwa umbali mrefu kidogo, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mchache na meno yanayumba. Na kwenye barafu mtoto alikuwa sahihi.

Basi tufanye hesabu kidogo, ile ya fizikia ya sekondari. Gari liko kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, mshiko (kipimo cha msuguano kati ya tairi na barabara) ukiwa 0.8, linasimama ndani ya mita 12 hivi tangu breki zilipokamata, urefu wa basi moja la mjini. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mshiko ukiwa 0.3, ni mita 33. Kwenye barafu yenye mshiko wa 0.1, ni kama mita 98, uwanja mzima wa mpira kasoro hatua chache. Ukienda kilomita 100 kwa saa zidisha kwa nne: karibu mita 400.

Lakini kuna jambo ndani ya hesabu hiyo ambalo binafsi lilinishtua zaidi ya ule uwanja wa mpira. Chukua barafu ileile, kilomita 50 zilezile, halafu fanya tairi liwe bora kidogo tu, mshiko upande kutoka 0.1 hadi 0.15. Mikononi mwako hutahisi tofauti yoyote. Barabara itaendelea kuonekana utelezi mtupu. Ila gari linasimama kwenye mita 66 badala ya 98. Mita 32 zimeokolewa na kitu usichoweza hata kukihisi. Kwenye lami kavu tofauti ya matairi ni ya hatua chache. Kwenye barafu ni ya nyumba mbili tatu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "barafu ni barafu, hakuna tairi linaloisaidia."

Uzito wa gari, kwa taarifa tu, hautokei popote katika hesabu hiyo. Gari zito linagandamiza barabara zaidi, ni kweli, lakini pia lina mzigo mkubwa zaidi wa kusimamisha, na mambo hayo mawili yanafutana.

Wala kuendesha kwa magurudumu yote manne hakumo. Hii ndiyo imani sugu kuliko zote, na naielewa, kwa sababu sisi tumekulia mahali ambapo 4x4 ni suluhisho la kila kitu. Umekwama kwenye tope? Ingiza difu, toka. Theluji nayo ukikwama unatoka hivyohivyo. Lakini 4x4 inagawa nguvu za injini. Ukikanyaga breki injini haina kazi tena, na kila gari duniani, hata kile kigari kidogo cha bibi wa kanisani, lina breki kwenye magurudumu manne. Dereva wa pikapu ya 4x4 anaondoka kwenye taa kama lami imekauka, anajiona anashika barabara, anafika kilomita 80 kwa saa, halafu anagundua ukweli kwenye taa inayofuata. Zile pikapu za mtaroni, nyingi zilifika mtaroni kwa mwendo ambao gari dogo lingeshindwa kuufikia.

Alama za ubavuni

Ukitaka kujua tairi lako ni la ukoo gani, usiulize muuzaji, soma ubavu wake. Kuna alama mbili, na kuchanganyikiwa kwingi kunatokana na kuzidhani ni moja.

M+S maana yake ni tope na theluji. Herufi hizo zinahusu umbo tu: meno yamepangwa kwa nafasi ya kutosha katikati yake. Hakuna aliyelazimika kulipeleka tairi kwenye theluji kulijaribu. Mtengenezaji anaangalia michoro, anajipa herufi. Karibu kila A/T inazo, na karibu kila tairi la misimu yote pia. Zichukulie kama mtu anayejiandikia "mpishi" kwenye wasifu wake. Huenda anajua kupika, ila hakuna aliyeonja.

Alama ya pili ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji lenye ncha sita ndani yake. Ilianza kutumika Amerika Kaskazini mwaka 1999, na hii ina mtihani nyuma yake. Tairi linapelekwa juu ya theluji iliyoshindiliwa wastani na kupimwa linavyovuta gari kwenda mbele, likilinganishwa na tairi la kawaida la rejea. Likilizidi kwa asilimia 10 au zaidi, linapata mlima.

Soma tena mtihani wenyewe. Theluji, si barafu. Kwenda mbele, si kusimama, wala kukata kona. Ulaya wanaruhusu pia kipimo cha breki, lakini bado ni juu ya theluji. Kwa hiyo A/T yenye mlima, kama BFGoodrich KO2 au Falken Wildpeak A/T3W ambazo zimejaa kwenye pikapu za huku, kweli ni tairi lingine ukililinganisha na A/T ya M+S peke yake. Mpira wake umelainishwa, chale zimeongezwa, na kwenye theluji iliyoshindiliwa linajitahidi kwa dhati. Lakini lilifaulu mtihani wa somo moja. Tairi la baridi halisi limefaulu somo hilohilo kwa alama za juu zaidi, na limetengenezwa likiwa linafikiria barafu tangu mwanzo. Alama yao ni moja, na mchoro haukuonyeshi nani alipita kwa alama za kuponea.

Hivi karibuni imeongezeka alama ya tatu, ya mlima wa barafu wenye ncha, kwa matairi ya magari madogo yaliyopimwa juu ya barafu yenyewe. Ipo kwenye lebo za Umoja wa Ulaya tangu 2021. Mimi sijaiona kwenye A/T.

Angalizo kwa wanaonunua mitandaoni: modeli moja inaweza kuwa na mlima kwa saizi fulani na kuukosa kwa nyingine. Vilevile A/T nyingi za pikapu zina herufi LT, yaani zimejengwa kwa kubeba mizigo, kuta ngumu na upepo mwingi. Kama hubebi chochote zaidi ya mifuko ya mchele na watoto, ugumu huo ni hasara tupu kwenye baridi.

Sheria nazo zinaongeza fujo, maana kila mkoa una lake. Alberta, ninakokaa, hailazimishi tairi la baridi kwa magari ya kawaida. Ukivuka milima kuingia British Columbia, kuanzia Oktoba 1 barabara nyingi zinadai tairi la baridi, lakini wao M+S inawatosha mradi meno yamebaki milimita 3.5. Quebec, waliko ndugu zetu wengi wa Kongo, Rwanda na Burundi, gari lililosajiliwa huko lazima liwe na matairi yenye mlima au misumari kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15; M+S tupu ni faini. Ujerumani walikuwa wanaivumilia M+S ya zamani mpaka Septemba 2024, sasa hawaitaki. Matokeo yake tairi lilelile ni halali Vancouver na haramu Montreal, na watu wawili wanabishana kwenye simu kila mmoja akiapa sheria inamuunga mkono.

Misumari ile midogo ya chuma, kwa kuwa nimeitaja, ndiyo dawa kali ya barafu, lakini inakwangua lami, ndiyo maana Minnesota huko Marekani, penye Waafrika Mashariki wengi, wakazi wamekatazwa kuitumia.

Kama unajiuliza nani aliyaanzisha haya yote: Wafini. Kiwanda chao cha mpira kilitoa tairi la baridi la malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye la magari madogo, Hakkapeliitta, jina linalouzwa hadi leo. Mwaka 1967 kiwanda hicho kikaunganishwa ndani ya kampuni ya Nokia. Ndiyo, Nokia ileile ya simu ya tochi.

Mambo mengine yanayosemwa

"Tairi pana linashika zaidi." Kwenye lami kavu, sawa. Kwenye theluji ya barabarani tairi jembamba linakata na kufika chini, pana linapanda juu na kuelea. Ndiyo maana watu wengi wanaponunua seti ya baridi hushuka saizi moja kwa upana. Kinyume chake ni Iceland, wanakofunga matairi ya inchi 38 na zaidi na kuyapunguza upepo mpaka yanalala kama mandazi, ili yaelee juu ya theluji ya barafuto ambayo haina chini ya kufikia. Hilo limewafanya wengine wapunguze upepo mjini pia. Usifanye. Barabara ya mjini ina chini.

Na upepo unapungua wenyewe. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi linapoteza takriban psi moja, kile kipimo cha upepo wa tairi. Ukijaza ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20 na asubuhi nje ni 25 chini ya sifuri, umepoteza psi 8 bila pancha. Taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi siku ya kwanza ya baridi kali, si lazima sensa imekufa.

"Bado lina meno." Sheria ya maeneo mengi inaruhusu tairi mpaka milimita 1.6. Kwenye theluji, chini ya 4 tairi limekwisha kazi. A/T inaanza na meno marefu kwa hiyo inaonekana nzima miaka mingi, huku chale zake za nusu kina zimeshafutika na mpira umezeeka na kuwa mgumu. Umri umeandikwa kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioko ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Na la mwisho, ambalo ndilo ninaloliogopa kuliko yote: kufunga matairi mazuri mawili tu. Yakiwa mbele, gari linageuka na kusimama vizuri mbele, huku nyuma hakuna anayeshika. Kwenye kona au kwenye breki, mkia unaamua kutangulia. Matairi mabaya manne ni afadhali, angalau yanakuonya mapema.

Je, mtu anaweza kuishi huku na A/T peke yake? Anaweza, na wapo. Fundi anayeishi shambani, barabara yake ni changarawe na theluji isiyosafishwa, haendi mjini siku ya barafu, ana A/T zenye mlima zisizozidi miaka minne: sina neno naye. Kwake huenda ndiyo chaguo bora kuliko tairi laini la baridi litakalochanwa na mawe. Lakini anayeamka saa kumi alfajiri kupeleka abiria uwanja wa ndege, au muuguzi anayetoka zamu ya usiku, anatembea kwenye barabara zilizosafishwa zikabaki na utando wa barafu kwenye kila makutano. Huyo anahitaji kusimama mara mia kwa siku, na theluji ya magotini haioni mwaka mzima. Gharama ya seti ya pili inauma, najua. Ila seti moja ikiwa inafanya kazi nyingine inapumzika, kwa hiyo zote mbili zinadumu zaidi.

Tulipomaliza kula jioni ile, nikamwambia shemeji tutoke tukasome ubavu badala ya kuapizana. Nje ilikuwa nyuzi 11 chini ya sifuri. Mtoto akashika simu, akawasha tochi. Tairi la mbele kushoto: mlima, ua la theluji ndani yake. Shemeji akacheka, akampiga mwanawe bega. La mbele kulia: mlima. Akacheka zaidi, akataka turudi ndani tunywe chai.

Mtoto akazunguka nyuma peke yake. "Baba," akaita.

Matairi ya nyuma yalikuwa ya kampuni nyingine, rangi ileile, meno makubwa vilevile, kiasi kwamba kwa kutazama tu usingejua. M+S, basi. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa 2316. Aliyemuuzia gari alikuwa amebadilisha mawili. Shemeji akachutama, akapitisha kidole kwenye jino la tairi akitafuta chale, akanyamaza kwa muda.

"Ndiyo maana Jumanne kule barabara ya Henday mkia ulinicheza," akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani, tulidhani amekuja kutuita chai.

"Mkia wa gari gani ulikucheza?" akauliza.